Imekuuma wapi? Tusikilize tena Mbilia Bel



Majuma matatu sasa ukurasa huu unaongea chanjo, minerval na bei ya mahindi. Leo tuweke muziki. Msifikiri tumechoka na mambo mazito, maana muziki wenyewe tunaoutaka leo si mwepesi. Tunarudi kwa albamu ya mwaka 1983, ambayo kila mama aliyevuka miaka hamsini ameicheza, hata kama alikuwa bado mtoto wakati ilipotoka. Jina lake ni Eswi yo wapi. Mwimbaji ni Mbilia Bel.

Tumeichagua kwa sababu haijaondoka kwetu. Harusini, vijana wakiisha kucheza zao, inafika saa ya wamama kuingia na zawadi, sinia kichwani, kitenge cha aina moja mstari mzima. Hapo mpiga muziki hachezi bahati nasibu. Anaweka Mbilia Bel, na hakuna anayebaki kitini. Lakini binti akimuuliza mama yake, «Anasema nini huyu?», jibu ni lile lile: «Anaimba mapendo.» Ukweli ni kwamba wengi wetu hatukujua. Nyumbani tulisema Kinande, sokoni Kiswahili. Lingala ilikuja na askari na redio ya Kinshasa. Tulishika sauti, maneno yakatupita.

Tuanze na jina lenyewe. Eswi yo wapi maana yake ni «Imekuuma wapi?» Ni neno analotupiwa mtu anayenuna kwa sababu ya raha ya mwenzake. Nimevaa vizuri, nimependwa, nimepata kazi, wewe imekuuma wapi? Kila mama aliyewahi kununua kitenge kipya na kupita nacho mbele ya majirani anaelewa bila kamusi. Wimbo huo ulitajwa wimbo bora wa mwaka katika Zaire, na mwimbaji alikuwa na miaka 24 tu.

Majina yake ya kuzaliwa ni Marie-Claire Mboyo Moseka, mzaliwa wa Kinshasa, 1959. Alianza na miaka 17 akicheza na kuitikia nyuma ya Abeti Masikini, akapita kwa Sam Mangwana, na mwaka 1981 akaingia Afrisa International ya Tabu Ley Rochereau. Wakati ule orkestra kubwa za Kinshasa zilikuwa za wanaume. Mwanamke alicheza pembeni au aliitikia nyuma. Walikuwepo walioimba kwa jina lao, Abeti mwenyewe, na M'Pongo Love ambaye polio ilimwachia mguu mgonjwa na hata hivyo akasimama jukwaani. Lakini kumweka mwanamke mbele kabisa ya Afrisa, apewe albamu, picha yake ipambe jalada, hilo lilikuwa jipya. Santuri zikauzwa kuliko zile za mzee peke yake. Watu wakamwita Cleopatra wa rumba ya Kongo.

Msikilizeni tena, mtasikia kwa nini. Sauti yake iko juu na ni safi, haipigi kelele. Magitaa yanakwenda chini yake kama maji, naye anatembea juu bila haraka, anaeleza shauri lake mpaka liishe, ndipo sebene inafunguka na miguu inaanza. Ile sehemu ya kwanza, ya polepole, ndiyo tunayoiharibu harusini kwa kusubiri sebene. Maneno yako pale.

Lakini wimbo uliomfungulia mlango ulikuja kabla ya albamu hii, mwaka 1982, na huo ndio tunaotaka kukaa nao. Unaitwa Mpeve ya longo. Ni Kikongo, maana yake Roho Mtakatifu. Ukisikia jina tu unadhani ni wimbo wa kanisa. Kumbe anayeongea ni mama aliyeteswa na mume wake, kisha akaachwa, akabaki na watoto wa kulea peke yake. Anamlilia Mungu kwa sababu hakuna mwingine wa kumlilia. Wanawake wa Zaire waliushika wimbo ule kuliko wanaume, na haikuwa ajabu.

Kumbukeni miaka ile ilivyokuwa hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali iliruhusu watu wachimbe dhahabu wenyewe. Wanaume wakaenda Mangurejipa, wakaenda Mongbwalu. Septemba 1983 pesa ya zaire ikaangushwa thamani, na kilichonunua gunia la mchele asubuhi hakikununua nusu yake baadaye. Wako waliorudi na bati za nyumba, na wako waliokaa hukohuko wakaanzisha jiko lingine. Kinshasa walikuwa na neno la adabu kwa mwanamke wa pili, «deuxième bureau», kama vile mume amefungua tu ofisi nyingine. Mama wa nyumbani, hiyo ofisi ya kwanza, alibaki na minerval ya watoto na shamba la mihogo.

Butembo ya wakati ule haikuwa na umeme wa serikali. Muziki ulikaa ndani ya radiokaseti yenye mabuye sita, na mabuye yalikuwa ghali, kwa hiyo hayakuchezewa. Kama mama aliwasha redio kusikiliza wimbo mmoja, jueni wimbo huo alikuwa na haja nao.

Sasa tufike mahali panapotusumbua. Nani aliandika maneno haya? Nyimbo nyingi za Mbilia Bel za miaka ile zilitungwa na Tabu Ley. Mwanaume. Tena si mwanaume yeyote: alikuwa mkubwa wa orkestra, mwenye lebo ya Genidia iliyotoa santuri, akawa pia mume wa mwimbaji, na kila mtu anajua kwamba alikuwa baba wa watoto wengi kwa mama wengi. Mmoja wao, Youssoupha, leo ni mwimbaji wa rap mwenye jina Ufaransa. Kwa hiyo yule mama aliyeachwa ambaye kilio chake kilitutoa machozi, mwanaume ndiye aliyemwekea maneno mdomoni.

Katika kikundi chetu mama mmoja alisema wazi: «Basi tulidanganywa.» Sisi hatukubali. Mtungaji mzuri anaweza kusikia kilio ambacho pengine yeye mwenyewe amekisababisha. Franco naye mwaka 1985 alitoa Mario, juu ya kijana anayelishwa na mwanamke mtu mzima, na wanaume wengi walijitambua humo na kuona haya. Maneno ya kweli hayawi ya uongo kwa sababu ya aliyeyatunga. Tena tusimsahau aliyeimba. Mpeni Mpeve ya longo mwimbaji mwingine, atawapa wimbo mzuri. Mbilia aliimba kama mtu anayejua jikoni kuna nini na hakuna nini, na wanawake walimwamini.

Ila kuna jambo dogo linalobaki. Mwanamke aliyeachwa anapoandikiwa na mwanaume, mara nyingi analia, anasali, anangoja. Haendi kwa chifu wala haulizi karatasi ya ndoa iko wapi. Hahesabu mbuzi wa mahari waliopelekwa kwa baba yake na kusema, «Hawa walikuwa ushahidi wa nini?» Tukiimba tu vile alivyoimba, tunaweza kujifunza kulia vizuri na kusahau hayo mengine. Hapo ndipo tunaposema wimbo huu usikilizwe kwa masikio mawili.

Wimbo mwingine wa miaka ile unaofaa kwetu ni Ba gérants ya mabala. Gérant ni msimamizi wa duka au wa nyumba. Mabala ni ndoa kwa wingi. Wasimamizi wa ndoa za watu! Nani hapa hajakutana nao? Ndugu wa mume anayehesabu miezi tangu harusi na kutazama tumbo. Rafiki anayeleta habari kuhusu bwana yako, kila mara kwa nia njema. Shangazi anayejua chumvi ya sufuria yako. Mbilia aliwapa jina la kazi, jina la duka, na jina likabaki. Ukitaka kumnyamazisha shemeji bila kumtukana, mwambie tu kwamba yeye ni gérant mzuri. Wa umri wake ataelewa na kucheka. Kijana hataelewa, na hiyo nayo ina faida yake.

Na Nakei Nairobi, maana yake «Ninaenda Nairobi». Kwa mtu wa Kinshasa, Nairobi ulikuwa mji wa mbali na wa kupendeza. Kwa Butembo ilikuwa barabara ya biashara: kahawa inatoka, bidhaa zinaingia, kupitia Kasindi na Kampala. Wafanyabiashara wetu walikuwa wakienda kweli, na baadhi yao walikuwa wanawake waliolala juu ya magunia njiani. Sisi ndio tuliosikiliza wimbo huo kama habari ya jirani.

Tusonge hadi mwaka 1987, maana mwaka huo una mambo mawili.

La kwanza ni la Mbilia. Katika Afrisa aliingia mwimbaji mwingine wa kike, Faya Tess, na mambo hayakuwa tena kama zamani. Albamu yake ya mwisho na Tabu Ley iliitwa Contre ma volonté, yaani kinyume cha mapenzi yangu. Hatujui nani alichagua jina hilo, wala halihitaji maelezo. Mwisho wa 1987 akaondoka. Aliacha orkestra, aliacha mume, aliacha lebo iliyokuwa na nyimbo zake zote. Alikuwa na mtoto. Akaenda Gabon, halafu Paris.

La pili ni letu sote. Tarehe 1 Agosti 1987 Zaire ilitiwa sahihi Sheria ya Familia, Code de la famille, nambari 87-010. Iliandika kwamba mume ni kichwa cha nyumba na mke anapaswa kumtii. Kifungu cha 448 kilisema mke lazima apate ruhusa ya mume wake kabla ya kufanya tendo la kisheria linalomfunga kufanya kazi au huduma yeye mwenyewe. Someni tena polepole. Kuingia mkataba wa kazi kulihitaji ruhusa. Na wale waliojaribu kufungua akaunti ya benki au kuomba mkopo wanakumbuka swali la kwanza walilokutana nalo dirishani: «Bwana yako anajua?»

Mwaka ule ule, basi, mwanamke mwenye sauti kubwa kuliko wote nchini alijitoa akatafuta mkataba wake mwenyewe mahali pengine, na nchi ikaandika kwamba mke hana mkataba bila ruhusa. Hakuna aliyeyapanga yalingane hivyo. Lakini ukiyaweka pamoja, utaelewa kwa nini kuondoka kwake kuliongelewa mpaka vibandani, na kwa nini wanaume walikasirika kwa jambo lisilowahusu. Imewauma wapi?

Mwaka 1988 akatoa Phénomène, na mpiga gitaa Rigo Star. Hapa mtu anaweza kubishana nasi, na tunakubali kubishana: kwa muziki peke yake, kazi za Afrisa ni nzuri zaidi. Zina pumzi, na zina magitaa matatu yanayojibizana kama wamama wakipepeta mchele. Phénomène ina mashine za ngoma za Paris na mwendo wa haraka wa siku zile, na baadhi ya sauti zake zimezeeka vibaya, kama mabega makubwa ya blauzi za wakati ule. Lakini msikilizeni mwimbaji. Anaimba kama mtu aliyejilipia nauli. Na ilipendwa sana, Kinshasa na kwa ndugu zetu wa Ulaya. Wale waliosema hatafika popote bila mzee walipaswa kutafuta maneno mengine.

Tabu Ley alifariki Brussels tarehe 30 Novemba 2013. Nyimbo za miaka ya Genidia zilikusanywa tena mwaka 2007 na kampuni ya Stern's ya London kwa jina Bel Canto, na hizo ndizo nyingi mnazopata sasa katika simu. Kwa hiyo hakuna haja ya kutafuta kaseti. Mwambie kijana wa duka la simu akuwekee kwenye karte memoire, atajua.

Kwa nini tunayasema haya sasa, Beni na Butembo zikiwa na matatizo yake? Ni kwa sababu ya wale mama. Tangu Oktoba 2014 wamama wameingia Beni, Oicha na Butembo wakiwa na watoto na bidoo ya maji, wametoka vijiji ambavyo hawawezi kurudi. Wengine ni wajane. Wengine bwana yupo lakini hajulikani alipo, au yuko machimboni na simu haipokelewi. Jirani ataita wote «walioachwa», kana kwamba ni jambo moja. Si jambo moja. Mjane ana haki zake za urithi, yeye na watoto. Mama ambaye mume yuko hai ana haki ya kudai matunzo ya watoto. Na aliyeishi miaka kumi na mume bila ndoa kuandikishwa état civil ana shida ya pekee, maana mbele ya hakimu atatakiwa aonyeshe kitu.

Sheria ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Ruhusa ya mume imetoka. Sasa kifungu kinasema bwana na bibi wanapaswa kupatana, wote wawili, kwa matendo ya kisheria yanayowafunga. Umri wa kuoa na kuolewa ni miaka 18 kwa kila mmoja. Mume bado ameandikwa kichwa cha nyumba, hilo halikufutwa. Lakini mama mwenye kikundi cha AVEC anayeambiwa leo alete barua ya bwana kabla ya kupewa mkopo wake mwenyewe, ajue kwamba anayemwambia hivyo anasoma kitabu cha 1987. Amuulize kwa upole kifungu gani.

Tunapendekeza hivi kwa vikundi vinavyokutana Jumamosi. Kabla ya kuhesabu akiba, wekeni Mpeve ya longo mara moja, yote, bila kusimama kucheza. Mkiwa na mama anayejua Lingala vizuri, aeleze. Kisha kila anayetaka aseme kile ambacho yule mama wa wimbo angefanya kama angeishi katika avenyu yenu leo: angeenda kwa nani kwanza, angeshika karatasi gani mkononi, nani wa familia angemsindikiza. Msimlazimishe mtu kusema habari yake mwenyewe. Habari ya mama wa wimbo inatosha, ndiyo faida ya wimbo. Kikundi kimoja cha Butembo tayari kilijaribu na mazungumzo yakachukua saa mbili, akiba ikahesabiwa gizani kwa tochi ya simu. Kwa hali ya usalama ya sasa, anzeni mapema.

Na mabinti wawepo. Wao ndio wanaouliza anasema nini.

Mkiisha, wekeni Eswi yo wapi na simameni mcheze. Sehemu ya polepole pia.

Juma lijalo, kwa ombi la msomaji wetu wa Mangina, tutaongea juu ya Abeti Masikini, binti wa Kisangani, ambaye nyuma yake Mbilia alijifunza kusimama jukwaani. Mwenye kaseti yake ya zamani, au picha ya harusi ambapo ilipigwa, ailete kwa mwandishi wa kikundi chake, tutaitazama na kuirudisha.